Saa ya mbu wa Newala si saa ya nyuki wa mkorosho

Ukikaa kwenye baraza baada ya magharibi, iwe Mikindani, Newala mjini au Kilwa Masoko, haupiti muda mrefu kabla mtu hajajipiga kofi shingoni na kusema kwamba mbu wa siku hizi wamejanjaruka. Maelezo yanayofuata ni yale yale: mbu wameshajua kuwa tunaingia kwenye chandarua saa nne usiku, kwa hiyo wanatuwahi saa moja na nusu, tukiwa bado tunasubiri chakula kiive. Nimeyasikia kwa wavuvi, kwa walimu, na hata kwa mhudumu wa afya ambaye kazi yake ni kuwahimiza watu walale ndani ya neti. Yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yanaenea. Lakini yanazaa swali linalonitisha: kama mbu ameshatuzidi akili, chandarua cha nini? Hoja yangu ni kwamba tumeisoma vibaya dalili tunayoiona. Mbu hakai akachunguza ratiba yetu. Anaongozwa kwa sehemu kubwa na saa aliyozaliwa nayo, iliyoandikwa katika jeni zake, na saa hiyo haikuundwa kwa namna moja katika wadudu wote. Tukilielewa hilo, swali la kama mbu wamejanjaruka litatupisha, tuulize ni mbu gani, anauma saa ngapi, na wapi.

Msomaji wa Kiswahili anaanza na faida katika jambo hili. Saa yetu huanza kuhesabiwa kunapokucha na kuanza upya jua linapozama, na wadudu nao huweka sawa saa zao kwa mapambazuko na machweo. Tofauti ni kwamba ukimfungia mdudu gizani kwa siku kadhaa, ataendelea kuamka na kutulia kwa mzunguko unaokaribia saa 24, bila kuona jua hata mara moja. Saa imo ndani ya mwili. Kazi ya jua ni kuisahihisha. Jambo hili lilipata ushahidi wa jeni mwaka 1971, pale Ronald Konopka na Seymour Benzer, wakiwa California, walipopata aina tatu za vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva, ambavyo saa zao ziliharibika kila moja kwa namna yake. Aina moja ilikuwa na mzunguko wa saa 19, ya pili saa 28, na ya tatu haikuwa na mpangilio wowote. Kasoro zote tatu zilikuwa kwenye jeni moja, iliyokuja kufupishwa kwa jina la per. Mwaka 1984 makundi mawili ya watafiti wa Marekani yalifanikiwa kuitenga jeni hiyo, na mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi.

Maelezo yao, kwa ufupi, ni haya. Usiku, seli za kinzi hutengeneza protini ya PER. Protini hiyo hushikana na mwenzake TIM, zikaingia pamoja kwenye kiini cha seli na kuzima jeni zile zile zilizozizalisha. Baadaye huvunjwavunjwa, jeni zikawaka tena, na mzunguko mzima unachukua takriban siku moja. Mwanga unapoingia asubuhi, protini nyingine iitwayo kriptokromu huunasa na kusababisha TIM ivunjike, na hapo saa inakuwa imesahihishwa. Ni maelezo mazuri, na yalithibitishwa kwa kazi ya miaka mingi. Ila yalipofika kwenye magazeti na vitabu vya shule yalipunguzwa hadi sentensi moja, kwamba saa ya wadudu imegunduliwa. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwa sababu kilichogunduliwa ni saa ya kinzi wa ndizi. Wadudu wana historia ya mamia ya mamilioni ya miaka, na katika muda huo saa hiyo imefunguliwa na kufungwa upya mara nyingi.

Mwangalie nyuki. Jenomu yake, yaani jumla ya jeni zake zote, iliposomwa, mwaka 2006, watafiti walikuta kwamba hana kabisa ile jeni ya tim, inayotengeneza protini ya TIM, ambayo kinzi wa ndizi akiikosa hupoteza mpangilio wake, na hana pia ile kriptokromu ya kunasa mwanga. Alichonacho ni kriptokromu ya aina ya pili, inayofanana zaidi na ya wanyama kama panya na sisi wenyewe, ambayo kazi yake ni kuzima jeni ikishirikiana na PER. Kwa maneno mengine, sehemu za ndani za saa ya nyuki zinakaribia saa ya mwanadamu kuliko ya kinzi. Kipepeo maarufu wa Marekani Kaskazini, yule anayehama maelfu ya kilomita hadi Meksiko, ana kriptokromu zote mbili, moja ya kunasa mwanga na nyingine ya kuzima jeni. Mbu wa Anopheles, yule anayeeneza malaria, naye anazo zote mbili. Mwaka 2022 watafiti wa Ulaya wakamwangalia kunguni mwekundu wa miti aitwaye Pyrrhocoris apterus, wakamwondolea jeni ya tim wakitarajia saa isimame. Haikusimama. Ilienda mbio kidogo tu. Mimi naona ugunduzi huo ni mkubwa kuliko ulivyozungumzwa, kwa sababu unaonyesha jinsi saa inavyoweza kubadilishwa kifaa kimoja kimoja bila kuacha kufanya kazi, kama mashua inayobadilishwa mbao msimu hadi msimu na bado inakwenda baharini.

Tofauti hazipo kati ya aina na aina peke yake. Ndani ya aina moja pia zipo. Vinzi vya ndizi vya Ulaya vina matoleo tofauti ya per, na uwiano wa matoleo hayo hubadilika kadiri unavyotoka kusini kwenda kaskazini. Toleo moja la tim lilizuka kusini mwa Italia na likasambaa. Linawafanya vinzi waingie mapema kwenye usingizi mrefu wa majira ya baridi. Mazingira ya kule yanalipa faida jambo hilo, kwa kuwa Uholanzi, kwa mfano, mchana wa Desemba haufiki hata saa nane na ule wa Juni unapita saa kumi na sita. Huku kwetu Mtwara, nyuzi kumi kusini mwa ikweta, mchana mrefu kabisa unauzidi ule mfupi kabisa kwa takriban saa moja na kidogo. Kwa hiyo mtu akichukua ratiba ya wadudu iliyopimwa Ulaya na kuileta Masasi bila kuuliza, anafanya kosa ambalo limeanzia kwenye jeni zenyewe.

Sasa turudi kwa mbu, maana hapo ndipo nyanda zetu zina historia ambayo wengi hatuijui. Virusi vya chikungunya vilitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 kwenye Nyanda za Juu za Makonde, eneo la Newala, na jina lenyewe limetoka Kimakonde, likieleza mtu aliyepindwa na maumivu ya viungo. Nyanda zile hazina maji ya karibu, hivyo watu walihifadhi maji majumbani, na ndani ya vyombo vile alizaliana Aedes aegypti. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Kwenye nyumba hiyo hiyo, chini ya paa hilo hilo, Anopheles anayeeneza malaria huuma usiku, na kwa kawaida alijulikana kufikia kilele usiku wa manane. Mbu wawili, majina ya jeni za saa karibu yale yale, lakini saa zao zimeelekezwa kinyume. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na wanasayansi wa Irvine, California, ulionyesha kuwa tofauti inaonekana hata kwenye namna wanavyopokea mwanga: mbu wa mchana huvutwa na mwanga wa aina nyingi, huku Anopheles jike akiukwepa mwanga wa buluu na ule wa urujuanimno wakati wa mchana. Saa zao zilipovurugwa kwa mwanga, mapendeleo hayo nayo yalivurugika. Kwa hiyo kuwa na jeni fulani au kutokuwa nayo hakutoshi kumweleza mdudu. Lazima ujue pia saa yake imefungamanishwa na nini ndani ya mwili wake.

Tukiwa na msingi huo, tuyapime maelezo yanayotolewa kuhusu mbu wanaouma mapema. La kwanza ni lile la barazani, kwamba mbu amejifunza. Hili ndilo dhaifu kuliko yote. Mbu jike wa Anopheles huishi wiki chache tu, na hana njia ya kumfundisha mwanawe aliyeibuka kutoka kwenye dimbwi siku nyingi baada ya mayai kutagwa. Isitoshe, kama kweli mbu wote wangekuwa wanatuwahi, tungeona mabadiliko yanayoelekea upande mmoja kila mahali. Hatuoni hivyo. Katika kijiji kimoja cha Benin, baada ya vyandarua kuenea, kilele cha kuuma cha Anopheles funestus kilisogea kwenda alfajiri, watu wanapoamka, wala hakikuja jioni. Mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta kati ya asilimia 20 na 30 ya kuumwa na Anopheles kunatokea mchana, tena ndani ya majengo. Mdudu anayewahi hapa, akachelewa pale na kushinda macho mchana kwingine hajasoma ratiba ya mtu.

Maelezo ya pili yana nguvu zaidi, nayo ni kwamba mbu mwenyewe hakubadilika ila mchanganyiko wa mbu umebadilika. Vyandarua na dawa za ukutani viliwapiga zaidi wale wanaoingia ndani usiku na kupumzika ukutani, hasa Anopheles gambiae halisi. Aliyebaki kwa wingi sehemu nyingi za Tanzania ni ndugu yake, Anopheles arabiensis, ambaye tangu zamani huwa tayari kuuma nje na mapema, na anaridhika hata na damu ya ng'ombe. Kwa macho ya mtu aliyekaa barazani wote ni mbu tu. Anaona idadi ya wanaouma saa mbili imepanda kulinganisha na wanaouma saa saba, akahitimisha kuwa mbu amebadili tabia, kumbe aliyemuuma mwaka jana na anayemuuma mwaka huu si wa aina moja. Naamini maelezo haya yanabeba sehemu kubwa ya tunachokiona. Hata hivyo hayatoshi, kwa sababu funestus, ambaye katika bonde la Kilombero ndiye anayeeneza sehemu kubwa ya malaria, ameonyesha mabadiliko ya saa ndani ya aina yake mwenyewe, kama kule Benin.

Ndipo linapokuja la tatu, uteuzi wa asili. Katika kundi lolote la mbu wapo wenye saa inayotangulia kidogo na wapo wenye saa inayochelewa. Wale wa usiku wa manane wakifa kwenye vyandarua, watakaozaa ni wengine, na kama saa inarithiwa, kizazi kijacho kitasogea. Je, inarithiwa? Utafiti uliofanywa hapa hapa Tanzania kwa Anopheles arabiensis, uliochapishwa mwaka 2023, ulipima mbu waliokamatwa mapema na waliochelewa pamoja na uzao wao, ukakuta kwamba muda wa kuuma unarithiwa kwa kiasi. Neno kwa kiasi ni muhimu. Sehemu iliyobaki inatokana na mazingira: mbu aliyekosa damu jana usiku anaweza kuamka na njaa na kutafuta mapema leo, bila jeni yake kubadilika hata herufi moja. Wanaoshikilia upande mmoja tu, ama kila kitu ni jeni au kila kitu ni njaa, wanaacha nusu ya ushahidi mezani. Na tofauti hii ina matokeo makubwa kwa sera. Njaa ikiondolewa, mbu anaweza kurudi kwenye saa yake ya zamani ndani ya msimu mmoja. Jeni ikishasogea, itahitaji vizazi vingi kurudi, kama itarudi.

Najua pingamizi la watu ninaowaheshimu, hasa walio kwenye halmashauri zetu ambako kila shilingi ina wanaoigombea. Wanasema: malaria ya Mtwara haihitaji somo la kriptokromu, inahitaji vyandarua, vipimo na dawa mseto. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 ziliiweka Mtwara kwenye asilimia 20 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Tabora peke yake ilikuwa juu zaidi yetu. Mikoa hii ya kusini, yaani Lindi, Mtwara na Ruvuma, ndiyo iliyoanzishiwa mpango wa kugawa vyandarua kupitia shuleni mwaka 2013, na haikuwa kwa bahati. Kwa hali hii, pingamizi lao lina uzito, na ninakubaliana nalo nusu nzima. Sehemu kubwa ya kuumwa na Anopheles nchini bado inatokea watu wakiwa wamelala, na mtu anayeacha neti kwa sababu aliumwa mara mbili jioni anajiweka wazi kwa saa nane zilizobaki. Hakuna jeni inayobadilisha hesabu hiyo. Ninapotofautiana nao ni pale wanapodhani kujua saa za wadudu ni anasa ya maabara. Halmashauri zetu hutumia fedha nyingi kwa mambo yanayotegemea saa, na mara nyingi zinafanya hivyo kwa kukisia.

Chukua kipimo cha usugu wa mbu kwa dawa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, walionyesha kuwa mamia ya jeni za Anopheles gambiae hupanda na kushuka kila siku kwa kufuata saa, zikiwemo zinazotengeneza vimeng'enya vya kuvunja sumu. Maana yake, mbu yule yule anaweza kuwa na kinga tofauti asubuhi na usiku. Kikundi kinachopima mbu wa Tandahimba saa tatu asubuhi na kingine kinachopima wa Nachingwea saa kumi na moja jioni vinaweza kupata majibu tofauti bila mbu wenyewe kutofautiana, na kwa majibu hayo dawa ya mamilioni ikabadilishwa au kuachwa. Suluhisho halina gharama: andika saa ya kupima, na pima wote kwa saa ile ile.

Chukua pia mikorosho, ambayo ndiyo mfuko wa ada za shule wa mikoa ya Mtwara na Lindi. Mkulima yeyote wa Newala au Ruangwa anajua kuwa salfa ya ugonjwa wa ubwiriunga hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado uko kwenye majani na upepo haujaanza, na hilo ni sawa kwa sababu adui ni kuvu, asiyehitaji kuviziwa akiwa macho. Kosa huanza pale mazoea yale yale ya asubuhi yanapohamishiwa kwenye viuatilifu vya wadudu, dhidi ya mbu wa mikorosho, ambaye si mbu huyu wa kuuma watu, na kunguni, halafu kazi ikaanza kwa kuchelewa, jua likiwa limeshapanda na maua yamejaa nyuki. Nyuki ana kumbukumbu ya saa ambayo imejulikana tangu mwaka 1929, Ingeborg Beling alipowafundisha nyuki kuja kwenye maji ya sukari saa maalumu na wakaendelea kuja saa hiyo hiyo hata chombo kikiwa kitupu. Ua likimpa chakula saa tatu leo, atarudi saa tatu kesho. Cha kushangaza zaidi, nyuki wachanga wanaolea majana ndani ya mzinga hufanya kazi mchana na usiku bila mpangilio wa saa, na saa yao hujitokeza wanapopandishwa cheo kwenda kuchuma. Kwa hiyo ukipuliza sumu saa tatu asubuhi unawaua wachumaji, wale walioshika saa, na wiki moja baadaye hukuti wa kuchavusha. Ukipuliza jioni nyuki wakiwa wamerudi, unawapa nafasi. Wenzetu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wamefanya kazi kubwa juu ya mkorosho na magonjwa yake. Ningependa kuona kalenda ya unyunyizaji inayomtaja kila mdudu na saa zake, anayeua na anayechavusha, kwenye ukurasa mmoja unaobandikwa ofisi ya kila chama cha msingi.

Kuna onyo jingine, linalotoka Okinawa, Japani. Huko walimtokomeza nzi wa matango na matikiti, ambaye na sisi tunaye, kwa kumwaga madume tasa yaliyofugwa kiwandani, na kazi ilikamilika mwaka 1993. Nzi huyu hujamiiana jioni, giza linapoingia. Watafiti wa Kijapani wakaja kugundua kwamba ukichagua kiwandani nzi wanaokua haraka, unachagua bila kukusudia na saa inayokwenda haraka, na mzunguko huo mfupi huwafanya waanze kujamiiana mapema kuliko wale wa porini. Dume linalotaka kuoa saa kumi na mbili halikutani na jike anayeamka kwa shughuli hiyo saa moja na nusu. Tanzania inazungumza kwa uzito kuhusu mbu waliobadilishwa maabara kama silaha dhidi ya malaria, na mimi siipingi mipango hiyo. Ninachotaka ni kwamba kabla mbu yeyote wa maabara hajaachiwa Kilwa au Nanyumbu, mtu awe amepima saa yake dhidi ya saa ya mbu wa pale pale kijijini.

Kwa haya yote, hitaji la kwanza halina ukubwa wa kutisha. Ni kuwa na vituo vichache, pwani, uwandani na kwenye nyanda za Makonde, ambavyo vinakamata mbu kwa saa zote 24 badala ya kuishia alfajiri, vinawatambua kwa aina zao, na vinatoa hesabu ya kila saa kwa waganga wakuu wa wilaya angalau masika na kiangazi. Tumezoea kukamata mbu usiku kwa sababu tuliamini mbu wa maana ni wa usiku, na matokeo yake hatuna macho ya mchana katika eneo ambalo lilitoa jina la ugonjwa unaoenezwa mchana. Nilipopita Newala msimu uliopita nilimkuta mama mmoja akiwa amefunga neti vizuri kabisa juu ya kitanda cha watoto. Ilikuwa saa nne asubuhi. Watoto walikuwa ukumbini wakicheza pembeni ya pipa la maji lisilo na mfuniko, na viluwiluwi walikuwa wakipanda na kushuka ndani yake.